Thabai kwa Damu ya Mama

Alhamisi, 20 Mei 1999

Tena Nyeri. Tena sindano. Tena benchi lile la kijani ambalo rangi yake hubanduka na kushika sketi. Nimekosa Hesabu na Kemia. Sijali.

Mimi ndiye ninayempeleka Mama kliniki. Baba hawezi kuacha mizani ya kiwanda cha kahawa, na Mama hawezi kusafiri peke yake tangu aanguke sokoni Gakindu. Moyo wake haupigi kwa mpango. Unakimbia, unasita, unakimbia tena. Daktari Muriuki anasema vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kupiga, kama mtu mwenye homa. Damu ikituama humo huweza kuganda, na bonge likitoka likaenda kichwani mtu hupooza au hufa. Ndiyo maana anameza dawa ya kuzuia damu isigande upesi.

Kuna tumaini moja. Agosti madaktari wageni watakuja Nairobi na mashine yao. Wataingiza mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja, wausukume hadi ndani ya moyo, kisha ncha yake iunguze sehemu ndogo ndogo zinazotoa umeme mbovu. Hawapasui kifua. Ni jambo jipya hata kwao, Daktari hakutuficha. Wengine hupona, wengine moyo hurudia fujo yake. Watachukua wagonjwa wachache tu. Mama yumo, lakini kwa sharti: damu yake iwe imekaa katika kiwango kinachotakiwa kwa majuma kadhaa mfululizo kabla ya siku hiyo.

Leo haikukaa. Mara iliyopita ilikuwa nzuri. Kabla ya hapo mbaya. Leo mbaya, inaganda upesi mno. Daktari aliitazama karatasi, akamtazama Mama.

"Mama Nyawira, hizi dawa unameza ama unawapa kuku?"

Muuguzi alicheka. Mama aliinamisha kichwa kama mtoto aliyejikojolea darasani.

Anameza. Kila jioni. Mimi humwona. Nilitaka kusema, nikashindwa. Nimerudi nyumbani na hasira ya mtu aliyenyamaza.

Jumapili, 23 Mei

Akina mama wa kikundi cha kanisa walikuja baada ya ibada. Walijaa sebuleni hadi mlangoni. Mbele Mama Gathoni, kiongozi wao, ambaye sauti yake husikika hadi ng'ambo ya mto. Wamechukua zamu ya kumlisha Mama tangu alipougua. Hawaji kila Jumapili, lakini wakija huja na sufuria ambayo hatuimalizi hadi katikati ya juma. Mukimo: viazi, mahindi, majani ya malenge, na thabai kwa wingi. Thabai ni yale majani yawashayo ambayo yakishaiva huwa laini na hayaumi tena. Cucu, mama yake Baba, ndiye huwachumia kwenye ua wa kahawa. Mikono yake imezoea. Huku kwetu kila mtu anajua thabai huongeza damu. Mwanamke aliyejifungua hupewa. Mgonjwa hupewa.

Mama alijaribu kuwaeleza habari za Agosti.

"Ati watachoma moyo?" Mama Gathoni akashika kifua chake mwenyewe. "Ngai! Kwani ni nyama choma ya Gatitu?"

"Wakimaliza wakuwekee chumvi na kachumbari," akasema mwingine.

Walicheka. Mama naye akacheka mpaka akakosa pumzi, ikabidi ashikwe. Hapo Mama Gathoni akamsogezea sahani.

"Kula, mami. Kula damu irudi."

Akala. Ni desturi. Mgonjwa humaliza sahani mbele ya waliompikia. Wanakitazama kijiko kinavyopanda na kushuka. Ukibakisha, ni kama umewaambia nguvu zao hazikufai.

Mimi nilikuwa nimekasirika kwa sababu ya ule mzaha wa nyama. Hakuna jambo la kuchekesha katika moyo wa Mama.

Jumatano, 2 Juni

Biolojia. Mwalimu alichora moyo ubaoni, mzuri sana, wenye rangi mbili za chaki. Akasema moyo hupiga bila kukosea, kama saa. Nikainua mkono. Nikauliza, je, ule unaokosea? Akasema hilo haliko katika mtihani. Darasa likacheka.

Nilikaa. Nilibonyeza kalamu mpaka ikavunjika.

Nyumbani Baba ameanza kumsimamia Mama akimeza. "Fungua mdomo. Inua ulimi." Kama ng'ombe anayepewa dawa ya minyoo. Mama anafungua. Ningetaka amng'ate kidole.

Baba si mtu mbaya. Anaogopa. Lakini hofu yake inafanana sana na dharau, na mimi siwezi kuzitofautisha ninapomwona Mama amefungua mdomo hivyo katikati ya jikoni, mbele yetu.

Alhamisi, 10 Juni

Siku mbaya. Naandika yote.

Damu imekuwa mbaya tena. Daktari Muriuki hakufanya mzaha leo. Alisema kuna watu wengi wanaoitaka nafasi ya Mama, watu wanaofuata maagizo, na kwamba hawezi kuwapelekea madaktari wageni mgonjwa asiyemeza dawa. Mama akasema, "Nameza, daktari." Daktari akasema, "Damu haisemi uongo, mama."

Nikasimama. Sijui miguu iliinukaje.

Nikasema anameza kila jioni. Nikasema Baba humwangalia chini ya ulimi, mimi humwangalia, hata Cucu humwangalia. Nikasema kama damu haisemi uongo basi iulizwe swali lingine. Sauti yangu ilikuwa juu. Mama alinivuta sketi niketi.

Daktari akauliza, kwa mara ya kwanza tangu Januari, Mama anakula nini.

"Chakula tu cha kawaida," Mama akajibu.

Nikasema mukimo. Nikasema thabai, majani ya malenge, sufuria nzima, wakija akina mama wa kanisa.

Akaweka kalamu mezani. "Walikuja lini?"

Jumapili. Jumapili hii iliyopita. Na mara ile ya Mei? Ndiyo, walikuwa wamekuja Jumapili ya kabla yake. Na zile mara damu ilipokuwa nzuri? Hawakuwa wamekuja. Cucu alikuwa ametupikia viazi na maharagwe.

Akajipiga paji la uso. Kumbe majani ya kijani yana kitu kinachosaidia damu kuganda. Dawa inavuta huku, thabai inavuta kule. Mtu akila majani kidogo, kiasi kilekile kila siku, dawa hupimwa kulingana nayo, hakuna shida. Lakini juma hili sufuria, juma lijalo hakuna, damu haijui ifuate nani.

"Ningewauliza mapema," akasema. "Mimi mwenyewe nimelelewa na hiyo thabai. Mama yangu yuko Karatina, nikienda ananijazia sahani."

Alisema hivyo akitabasamu.

Anatoka Karatina! Amekula mukimo maisha yake yote. Anajua mgonjwa wa kwetu hulishwa nini, na nani, na kwa nini. Angekuwa Mzungu ningemsamehe. Alimwita Mama mwongo miezi yote hii, na jibu lilikuwa kwenye sahani ya mama yake mwenyewe.

Hakumwomba Mama msamaha. Aliandika "diet", yaani mlo, kwenye faili, akapiga mstari chini yake.

Ijumaa, 11 Juni

Baba alimwambia Cucu. Nilikuwa nikimenya viazi, nikasikia yote.

Cucu hakuamini. "Nimezaa watoto tisa kwa thabai. Wewe uliyesimama hapo ni thabai." Baba akaeleza tena. Cucu akaitazama mikono yake, upande huu, kisha upande ule. Akaingia nyumbani kwake akafunga mlango. Chakula cha mchana hakula. Cha jioni hakula.

Mama ndiye aliyempelekea chai, akipumzika mara kwa mara njiani. Mgonjwa anamtunza mzima. Kila kitu kimepinduka katika boma hili.

Jumapili, 20 Juni

Walikuja. Mama hakuwa amewaambia. Nilimwuliza baada ya ibada, akasema atawaambia. Nilimwuliza tena wakiwa wanapanda kilima na ile sufuria, akasema, "Nitawaambia, Nyawira, tulia."

Wakaketi. Wakaomba. Wakapakua. Mukimo ulikuwa wa kijani kibichi kuliko siku zote. Mama Gathoni akasema, "Leo tumeweka thabai mara mbili, mpaka hao Wazungu wa mrija washangae damu imetoka wapi."

Mama akapokea sahani. Akashukuru. Akakishika kijiko.

Anajua. Alikuwa kliniki. Alisikia kila neno. Akala kijiko cha kwanza. Akala cha pili huku akinitazama mimi, na macho yake yakiniomba ninyamaze.

Nikaichukua ile sahani mkononi mwake. Si kwa adabu. Niliinyakua. Mukimo ukamwagika kwenye kitambaa cha meza. Nikasema hiki chakula kinamuua. Nikasema mkitaka kumsaidia mwacheni. Nikatoka nacho nje nikawamwagia kuku.

Nyuma yangu mtu akauliza: "Huyu ni wa nani?" Na Mama Gathoni, polepole, kwa sauti ambayo sikujua anayo: "Wa siku hizi."

Waliondoka bila chai. Wanawake wa Gakindu, bila chai! Baba ameniambia nitakwenda nyumba kwa nyumba kuomba msamaha. Nimesema siendi. Hajawahi kunisikia nikisema hivyo. Hata mimi.

Jumanne, 22 Juni

Siendi.

Mama haongei nami. Anakohoa tu, kule chumbani.

Jumatano, 23 Juni

Ameongea. Nilikuwa namchania nywele. Alisema nilipokuwa mdogo, yule mtoto aliyenifuata alipokufa, yeye alilala kitandani msimu mzima wa mvua. Wale wanawake walilima shamba letu. Walipalilia, walivuna, walimwogesha. Mama Gathoni alilala chini sakafuni kando yake.

"Nitamrudishia sahani mtu kama huyo?"

Nikamwambia ndiyo. Mrudishie, uishi.

Akasema, "Wewe ni mtoto. Unafikiri kuishi ni kupumua."

Nimekasirika kuliko siku ya sahani. Namkasirikia kwa kuwa na adabu nzuri hivyo. Adabu hiyohiyo alinifunza mimi, na nimeichukia leo kama ugonjwa.

Jumapili, 4 Julai

Walirudi. Sikutarajia. Sura ngumu, vitambaa vya kichwa vimefungwa kama vya mazishini, sufuria ileile. Naona walitaka kujua boma letu limekuwa la namna gani.

Mimi niliamriwa nikae jikoni. Nilichungulia.

Cucu aliingia. Tangu ile siku alikuwa haji nyumba kubwa. Akaenda moja kwa moja kwenye kochi, akamsogeza Mama kwa nyonga, akaketi kando yake. Sahani ilipotoka, Cucu akanyoosha mikono yake mwenyewe.

"Leteni hapa. Mkamwana wangu hali thabai mpaka moyo wake utulie. Dawa yake na thabai haziishi nyumba moja, kama wake wenza. Lakini nyumba hii ina mdomo mwingine. Nitamlia mimi."

Mama Gathoni akauliza, "Cucu, utaweza?"

"Wewe pakua. Utachoka kabla yangu."

Akala. Wanakitazama kijiko, naye anakipandisha na kukishusha bila haraka, kama mgonjwa anayetaka kupona. Akamaliza. Akasukuma sahani mbele, akajaziwa. Kwenye sahani ya tatu mtu akaanza kucheka. Kisha wote. Mama Gathoni akasema leo usiku hakuna atakayelala karibu na nyumba ya Cucu. Cucu akajibu kwamba aliyelala karibu nayo ni marehemu mumewe, naye halalamiki.

Chai ilinywewa. Mpaka majani yakaisha.

Walipoondoka Mama Gathoni alipitia jikoni. Hakunisalimu. Alisema tu, "Jumapili nyingine tutaleta njahi na viazi. Hiyo anakula?" Nikasema ndiyo, maharagwe meusi hayana neno. Akasema, "Ungesema hivyo tangu mwanzo, kwa mdomo, si kwa sahani."

Amesema kweli. Bado nina hasira. Vyote viwili.

Alhamisi, 22 Julai

Damu nzuri. Mara ya pili mfululizo. Daktari Muriuki alisema, "Hongera, mama," kana kwamba amefaulu mtihani. Jina limebaki. Agosti tunaenda.

Nililia chooni, kwa furaha, halafu nikanawa.

Jumanne, 17 Agosti

Nairobi. Mimi, Mama na Baba. Hospitali ina sakafu inayong'aa hadi unaona soli za viatu vyako.

Alianza mzee mmoja wa Embu, mkulima wa chai, kitanda cha jirani. Walimchukua asubuhi na kumrudisha kabla ya chakula cha mchana, bandeji pajani, akiwa macho. Aliona nikimtazama. "Njoo, msichana. Shika hapa uone." Nikashika kifundo cha mkono wake. Ulikuwa ukipiga. Mmoja. Mmoja. Mmoja. Sikuwahi kushika mkono wa mtu wa umri wake ukipiga hivyo. Nimezoea ule wa Mama, ambao ni kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Mzee alikuwa akicheka huku machozi yakiingia masikioni, kwa vile aliamriwa alale chali.

Kisha zamu ya Mama. Kabla ya mrija wa paja walimteremshia mwingine kooni, wa kuutazama moyo kwa karibu, kutoka nyuma. Hatukukaa sana. Daktari Muriuki, aliyekuja kuwasaidia wageni, akatoka mwenyewe, kofia ya kijani kichwani.

Kuna bonge la damu. Dogo kuliko punje ya mahindi. Limejibana katika kona ya chumba cha juu. Hawawezi kuingiza chochote humo ndani. Wakiligusa likang'oka, litakwenda kichwani.

Baba akauliza limetoka wapi, na damu imekuwa nzuri. Daktari akasema huenda ni la ile miezi ya nyuma. Ile ya Aprili, Mei, Juni.

Ile miezi aliyokuwa akimwuliza kama anawapa kuku.

Wageni wanaondoka Ijumaa. Nafasi ya Mama amepewa mama mmoja wa Kiriaini. Nilimwona akisukumwa kwenye kitanda, ameshika rozari. Nilimwombea mabaya. Kisha nikaogopa, nikamwombea mema, haraka haraka, kabla milango haijafunga.

Jumatano, 18 Agosti

Namchukia Daktari. Nawachukia wanawake wa kikundi. Nachukia ua wa kahawa na kila kinachoota chini yake. Namchukia mzee wa Embu na mkono wake. Ningeinyakua sahani mapema. Ningeuliza swali la chakula mwezi wa Februari. Nimefundishwa vizuri, nina alama nzuri, na sikuuliza.

Hakuna aliyetaka kumdhuru. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Angekuwepo adui ningejua nitazame wapi.

Jumamosi, 21 Agosti

Walikuja kumwona. Hawakuleta kitu chochote. Nadhani waliogopa. Walikaa na mikono mitupu magotini, na hawakujua la kufanya nayo.

Mama aliwaeleza kuhusu bonge. Hakuwaambia lilitoka wapi. Mimi nilikuwa mlangoni, ningeweza kusema, na Mama Gathoni alikuwa akinitazama mimi, si Mama. Alikuwa akingoja. Naamini alikuwa ameshajua.

Sikusema.

Mama Gathoni alikwenda jikoni akakoka moto, akachemsha maji ya kumwogesha Mama. Nilimsaidia kubeba karai.

Alhamisi, 23 Septemba

Damu nzuri. Daktari amesema bonge huweza kuyeyuka lenyewe polepole kama dawa haitavurugwa. Neno "huweza" nimelisikia sana mwaka huu.

Leo alimwambia Mama, "Nilikukosea, mama." Kwa Gikuyu, kwa sauti ya chini, bila kumtazama. Mama akamwambia yameisha. Mimi sikusema yameisha. Lakini nilimwitikia alipotuaga.

Jumamosi, 16 Oktoba

Mama aliamka na mkono wa kushoto mzito. Nyumba nzima ilisimama. Baba alikimbilia barabarani bila shati kutafuta gari. Kabla hajarudi mkono ulikuwa umepona. Alikuwa ameulalia tu.

Baba aliketi kwenye ngazi ya mlango akatetemeka kama kifaranga. Nikamletea shati. Sijamkasirikia tena yale ya ulimi.

Alhamisi, 9 Desemba 1999

Tulikwenda Nairobi, Mama nami, kwa kile kipimo cha kooni. Bonge halipo. Daktari alitazama upande huu, akatazama upande ule, akamwita mwenzake naye akatazama. Kona ni safi.

Wageni watarudi? Hajui. Huenda mwakani, huenda baadaye. Wakirudi Mama atakuwa wa kwanza. Hajaahidi zaidi ya hapo, na nimempenda kidogo kwa kutoahidi.

Tulifika nyumbani jua likiwa bado juu. Ilikuwa imenyesha, udongo ulishika viatu. Mama alivua vyake, akajilaza kwenye mkeka barazani, nami nikakaa miguuni pake nikivikwangua matope kwa kijiti. Cucu alikuwa shambani. Hapakuwa na sauti ila kuku.

"Nyawira."

"Ee, Mama."

"Huo mrija ukiunguza. Unauma?"

Mwaka mzima hajaniuliza hata mara moja. Maswali yote yalikuwa yangu.

Nikamwambia yule mzee wa Embu alisema unasikia joto kifuani, kwa muda mfupi, halafu linapoa.

Alifikiri. Akavuta shuka hadi mabegani.

"Joto nitaliweza," akasema, akafumba macho.